Jumba la Frimasoni lililo wazi mchana kweupe

Nyinyi wa barazani Kibokoni mwaniuliza kila nikija likizo: huko London Frimasoni, wale wa chama cha siri, wapo? Wapo, na wala hawajajificha. Jumba lao liko Great Queen Street, si mbali na stesheni ya Holborn, na makumbusho yake mtu huingia bure.

Kwetu Mombasa jina hilo likitajwa watu hushusha sauti. Nyumba ya kikoloni ikiwa na alama yao ya bikari na skwea (pembemraba ya fundi) mlangoni, basi ina majini. Tajiri wa ghafla, basi katoa kafara. Hata serikali iliingia humo: mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada za shetani, mwenyekiti wake Askofu Mkuu Nicodemus Kirima.

Sasa jumba lenyewe. Lilijengwa kati ya 1927 na 1933 kuwakumbuka wanachama waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Majina yao, zaidi ya 3,000, yameandikwa kwenye gombo lililohifadhiwa katika kasha la shaba. Pesa zilitoka kwa wanachama wenyewe, na waliochanga walipewa nishani. Harambee tupu! Ukumbi mkuu huchukua watu wapatao 1,700, na kila ubao wa mlango wake wa shaba una uzito wa zaidi ya tani moja. Mimi mtoto wa mji wa milango ya nakshi, hapo ndipo nilipokawia. Dari ni ya vijiwe vya rangi. Shingo iliniuma kwa kutazama juu.

Majini sikuyaona. Nililoliona ni orodha ya wakubwa. Lord Kitchener, jemadari aliyeiteka Sudan mwaka 1898, alikuwa mwenzao. Chama kilisafiri na maofisa wa dola kila bendera ya Waingereza ilipopandishwa. Wenye amri waketi pamoja faragha, wewe raia huna mwaliko, utaacha kunong'ona? Mimi naona hofu yetu ilianzia hapo, mashetani yakaja baadaye. Na hadi leo chama hiki cha Great Queen Street ni cha wanaume tu. Wanawake wana vyama vyao kando. Hilo lilimchekesha sana mke wangu.

Nikamrushia ami yangu picha za mlango. Akanijibu kwa sauti: "Mashallah, kazi ya mikono hiyo. Lakini kwenye grupu la familia usiiweke, wakwe zako wamo."