Jina limefichwa

Leo asubuhi, mwaloni Kirumba, Mwanza, mama mdogo kanionyesha tovuti aliyoagizia nyavu. Pesa katuma. Nyavu hakuna, simu haipokelewi.

Nikatafuta mmiliki wa ile domeni, yaani anwani ya tovuti, kwenye orodha ya wamiliki. Kila mstari: taarifa zimefichwa kwa ajili ya faragha. Nikamwambia ni sheria ya kulinda taarifa za watu.

"Sasa hiyo sheria inamlinda nani, mwanangu?"

Nilikosa jibu. Domeni yangu ya 2016 ilianika namba yangu na mtaa ninaokaa. Watu nisiowajua walinipigia hadi usiku. Sheria ya data ya Ulaya ilipoanza kutumika 2018, taarifa zikafunikwa. Nasi Tanzania tunayo yetu ya 2022, na naitaka kwa moyo wote.

Ila aliyeibiwa apite mlango gani?

Bado naviona vidole vyake, vina magamba ya sato, vikifungua tena ujumbe wa muamala.

Ndugu zangu, mngemjibuje?