Siku moja karakanani: milango ya mandir, bajoth na rangi inayokaa

Saa 12:30 asubuhi

Mombasa alfajiri hewa imejaa maji, kwa hiyo kopo la vanishi halifunguliwi kabla ya adhuhuri. Kazi ya kwanza ni vumbi. Meza inapanguswa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, mbao zilizolala wazi zinageuzwa, viatu vinaachwa mlangoni, maana hakuna mwenye mandir atakayefurahi kusikia kwamba picha ya Mungu wake ilirukwarukwa na watu wenye malapa.

Leo kuna vitu vitatu, kila kimoja katika hatua yake. Jozi ya milango ya mandir, yaani kabati dogo la ibada la nyumbani, upana inchi 24 na kimo inchi 36, iko tayari kuchorwa. Bajoth moja ya inchi 16 kwa 16, kile kigoda cha mraba cha kuwekea sanamu na thali, yaani sinia, ya puja (ibada), imeshamaliza rangi. Halafu kuna paneli mbili za mwembe ambazo hazijaguswa kabisa.

Wateja wengi wa kazi hii hapa pwani ni Wagujarati, na miongoni mwa jamii za Kihindu za Walohana na Wabhatia wapo wengi wanaomfuata Shrinathji, yaani mungu Krishna wa mji wa Nathdwara huko Rajasthan, India, ambako sanamu yake imekaa tangu 1672. Mtindo wanaoutaka ni wa pichwai, vitambaa vilivyochorwa vya kutundika nyuma ya sanamu: mayungiyungi, ng'ombe weupe, tausi, usiku wa mbalamwezi. Tunauhamishia kwenye mbao. Ila kitambaa hakivimbi masika wala hakipasuki kiangazi, na hapo ndipo shida zote zinapoanzia.

Saa 1:15

Paneli mpya. Kwa sehemu ya kuchora, mwembe ndio mti wangu: mweupe, hautoi rangi, unashika praima, ule mpako wa kutangulia rangi. Mkongo ni mzuri kwa fremu na miguu, lakini una rangi ya manjano inayoyeyuka kwa maji. Ukiupaka praima ya maji moja kwa moja, baada ya wiki ng'ombe mweupe wa pichwai ana madoa kama ya chai. Mvule nao una mafuta yanayochelewesha vanishi kukauka. Hakuna ubaya kuchanganya miti: fremu mkongo, paneli mwembe.

Ubaya wa mwembe ni dumuzi. Mdudu huyu anapenda sehemu laini iliyo chini ya ganda, basi sehemu hiyo hukatwa na kutupwa hata kama ubao utapungua. Kilichobaki kinapakwa boraksi na asidi ya boriki, gramu 100 za mchanganyiko kwa lita moja ya maji ya moto, pande zote na hasa kwenye ncha. Kikikauka kinaacha chembe nyeupe juu. Zipanguse kwa kitambaa chenye maji kidogo, la sivyo praima itabanduka pamoja nazo.

Paneli ya milimita 12 inaingia kwenye mfereji wa fremu bila gundi, na inaachiwa milimita 3 kila upande ili ipate pa kutanukia. Kosa linaloonekana katika mandir nyingi za dukani ni kupaka rangi baada ya paneli kuingia kwenye fremu. Kaskazi ikishika, mbao inasinyaa, na kando ya picha unatokea mstari mweupe wa mti usio na rangi. Paka kingo kwanza, ndipo uifungie.

Saa 2:00

Praima. Kwa kipimo cha kikombe: gundi nyeupe ya seremala kimoja, maji kimoja na nusu, chaki ya unga vitatu, rangi nyeupe ya akriliki nusu. Chaki inachujwa kwa kitambaa cha chandarua, inamiminwa polepole ndani ya maji, inaachwa inywe yenyewe. Usiipige kwa kijiti. Mapovu utakayoyatia leo utayaona kesho kama vishimo vya sindano usoni pa mungu wa kike Lakshmi.

Mafundi wa zamani wa picha za mbao walitumia gundi ya ngozi. Inafanya kazi vizuri mno, na kwa nyumba hizi haifai kabisa: ni mnyama, tena pengine ng'ombe. Hata brashi, chukua za nyuzi za kiwandani. Shelaki ya kuzibia mafundo inatokana na mdudu, na wapo wateja wasioitaka, kwa hiyo huulizwa mapema. Swali hilo moja linakuongezea heshima kuliko punguzo la bei.

Mipako ni minne, kila mmoja ukienda kinyume cha uliotangulia, na msasa namba 240 katikati, 320 mwisho. Pitisha kidole: ukitoka na unga, gundi ni haba. Ukiona mng'ao na nyufa nyembamba kama nywele, gundi imezidi, na rangi itateleza juu yake. Hakuna dawa ya la pili isipokuwa kukwangua na kuanza upya.

Saa 3:30

Sasa ile milango miwili. Mchoro uko kwenye karatasi inayopitisha mwanga, umetobolewa kwa sindano kila milimita 1 au 2 juu ya mistari. Mgongo wa karatasi umesuguliwa kwa msasa laini ili matundu yafunguke. Karatasi inabandikwa kwa utepe juu ya paneli, kisha kifuko cha kitambaa chenye unga wa mkaa kinagongwagongwa juu yake. Ukiiondoa, picha nzima iko pale kwa nukta.

Milango ni jozi, na kishawishi ni kugeuza karatasi ili mlango wa kulia uwe kivuli cha wa kushoto. Kwa ng'ombe, tausi na mayungiyungi ni sawa, tena inapendeza. Kwa mengine ni balaa. Shrinathji ameinua mkono wa kushoto, ule ulioubeba mlima Govardhan, na wa kulia ameukunja ngumi kiunoni. Ukimgeuza, si yeye tena. Om, alama ya neno takatifu la sala, ikigeuzwa ni herufi isiyosomeka. Swastika, alama ya heri yenye nukta nne kati ya mikono yake, ina upande wake. Mkonga wa Ganesh, mungu mwenye kichwa cha tembo, kwa nyumba za kawaida huelekea kushoto kwake mwenyewe. Wa kulia upo, lakini watu huamini kwamba unadai ibada yenye masharti makali zaidi, na hakuna bibi wa Kigujarati atakayekubali apelekewe masharti hayo kwa ajali ya karatasi. Ndiyo maana kila karatasi hapa ina neno JUU kwa wino mwekundu pembeni. Likisomeka kinyume, simama.

Nukta za mkaa hufuatwa kwa mstari mwembamba wa rangi ya udongo mwekundu iliyozimuliwa, kisha mkaa unapulizwa na kufutwa kwa brashi kavu. Wengine huruka hatua hii. Mkaa ukibaki chini ya manjano unaigeuza kuwa kijani chafu, na vazi la Krishna ni la manjano.

Saa 5:00

Rangi bapa, kutoka nyuma kuja mbele: anga, miti, ng'ombe, nguo, mwili. Akriliki inakauka kwa nusu saa hivi, hivyo unazungukia milango yote miwili bila kusubiri. Mipako miwili myembamba hushinda mmoja mzito. Mwili wa Shrinathji ni mweusi wa mawingu ya mvua, lakini nyeusi ya kopo peke yake inaonekana kama shimo ubaoni. Nyeusi mbili, buluu nzito moja, na tone la kahawia: hapo mwili unapata uhai.

Juu ya bajoth hapachorwi mungu. Pale panawekwa sanamu, panamwagika maji, panadondoka kunkumu, ule unga mwekundu wa ibada. Huchorwa yungiyungi la petali nane, kalash (chungu cha ibada), au pambo la pembezoni. Na patlo, ubao wa kukalia, haubebi alama yoyote takatifu hata mteja akiomba. Kwa kawaida aliyeomba ni kijana, na wazee wake watairudisha.

Saa 7:00 mchana

Jua limekausha hewa, bajoth inapata vanishi. Zamani vanishi zilizosifiwa Ulaya zilitengenezwa kwa sandarusi, utomvu wa miti ulioganda, iliyochimbwa mwambao huu na kupitia Zanzibar, na nyingine Bombay. Leo ni kopo la poliurethini ya maji, na sababu ni moja: vanishi za mafuta hugeuka manjano, na nyeupe zote za picha hugeuka nazo. Laka inayozimuliwa kwa tina (thinner) inakauka haraka, lakini ukiipuliza siku ya unyevu inashika ukungu mweupe kama kioo kilichopumuliwa.

Mipako mitatu kwa milango, mitano kwa uso wa bajoth, msasa namba 400 katikati, saa mbili au tatu kati ya mmoja na mwingine. Kisha siku saba bila taa wala maji. Hapa ndipo ugomvi wa kila mwaka kabla ya sikukuu ya Diwali: "Fundi, si imekauka?" Imekauka juu. Ndani bado laini, na diya, ile taa ndogo ya ibada, ya shaba yenye moto ikiwekwa itaacha duara lisilotoka. Kwa hiyo oda ya wiki ya mwisho hapa haipokelewi.

Mteja akitaka kioo juu ya bajoth, kiwe cha milimita 4 na kikalie vidoto vya silikoni kwenye pembe. Kioo kinacholalia vanishi hugandamana nayo, na siku kikiinuliwa kinaondoka na yungiyungi.

Saa 8:00

Wali, samaki nje ya karakana. Nyama na samaki haviingii ndani, wala mkono wenye mafuta haushiki paneli.

Saa 8:30

Dhahabu na mistari. Unga wa shaba unaouzwa kama dhahabu unameta wiki moja, kisha chumvi ya bahari inaugeuza kijani. Nunua akriliki ya dhahabu iliyotengenezwa kwa maika, na uitangulize manjano ya udongo chini yake ili mipako miwili itoshe. Mikufu iliyoinuka hutokana na chaki nzito na gundi, ikikamuliwa kwa koni ya plastiki yenye tundu la milimita 1.5. Ukizidisha milimita 2 kwa mara moja, inapasuka ikikauka.

Mstari wa mwisho wa kuzunguka kila umbo ni brashi namba 000, rangi nyepesi kama maziwa, mkono umeegemea fimbo. Macho huachwa hadi mwisho kabisa, na yanataka mwanga wa mchana. Ya Shrinathji ni marefu kama petali, yameinamia chini kumtazama anayeomba. Mboni ikipanda nusu milimita tu, anaonekana kushangaa. Futa kwa pamba yenye maji kabla haijakauka, usijaribu kuirekebisha kwa kuongeza rangi.

Saa 10:30

Mandir ya wiki jana inapelekwa kwa mwenyewe. Mahali panapopendwa ni kona ya kaskazini-mashariki ya nyumba, anayeomba akielekea mashariki. Ukuta wa matumbawe wa Mji wa Kale unamong'onyoka ukitobolewa, basi kabati lisining'inizwe kwa skrubu za juu peke yake. Chini lipate ubao wa kulibeba. Nyuma huachwa sentimita 2 za hewa, maana kuta hizo hutoa unyevu.

Kilichobaki ni moto. Diya haiwaki ndani ya kabati bali kwenye droo inayovutwa nje, iliyofunikwa bati la shaba, na juu ya mwali pawe wazi sentimita 30 au zaidi. Udi wa vijiti unapata kisahani chake pembeni, kwa sababu majivu yake yakianguka yakiwa moto hutoboa vanishi vidoto vidogo. Samli iliyomwagika ifutwe papo hapo. Ikinywewa na mti uliokwaruzika, hakuna vanishi itakayoshika pale tena. Masizi hutoka kwa kitambaa laini chenye maji na tone la sabuni ya vyombo, bila steelwool wala unga wa kusugulia. Doa la bizari ya manjano huwa gumu zaidi, ila jua hulipausha: fungua dirisha, acha mlango wa mandir wazi asubuhi mbili tatu, kisha ufunge kabla rangi nyingine hazijaanza kupauka nazo.