Ramani Mbili za Boriti Moja
Mwezi uliopita, katika jengo la ghorofa nne ninalolisimamia mtaani Tudor, fundi wa nondo alifunga vyuma vya boriti nzima kwa kufuata karatasi ya zamani ya ramani, ambayo mhandisi alikuwa ameibadilisha siku mbili kabla. Tuligundua kosa asubuhi ya kumwaga zege, lori likiwa tayari langoni, nasi tukalazimika kulirudisha. Tangu siku hiyo ramani zote husomwa kwenye tableti moja inayoonyesha toleo la mwisho pekee, na kila boriti hupigwa picha kabla ya zege kumwagwa, kwa sababu chuma kikishafunikwa hakuna awezaye kukikagua kwa macho.

Hapa Mombasa jambo hilo lina uzito wa pekee. Chumvi ya baharini hupenya ndani ya zege, ikazifikia nondo na kuzila kwa kutu. Kutu hiyo huvimba, na hatimaye zege hupasuka na kubanduka. Ndiyo maana unene wa zege linalofunika chuma naupima mwenyewe, na mchanga wa ufuoni siupokei hata ukiwa wa bure.

Kuhusu usalama, nakiri kwamba tableti haijatusaidia sana. Orodha ya ukaguzi wa jukwaa wanalosimamia mafundi tunaijaza humo kila asubuhi, lakini aliyeuona ubao uliolegea wiki jana ni mzee wetu wa useremala, ambaye hata simu yake ni ya kubonyeza.