Shikeni simu zenu, Mswahili kaingia

Maneno hayo yalisemwa kwa Kiganda, mlangoni mwa kibanda cha mpira hapa Ndeeba, Kampala, Jumatatu ya tarehe 10 Novemba 2025. Nilikuwa namalizia kuongea na dada yangu aliye Kahama, simu sikioni, elfu moja ya kiingilio mkononi. Kijana mmoja wa benchi la mbele akageuka, akaniangalia kuanzia kichwani mpaka kwenye ndala, akawaambia wenzake washike simu zao vizuri, Mswahili kaingia. Wakacheka. Alidhani sielewi. Nina miaka sita mji huu, nauza mchele Kisenyi, napatana bei na Waganda kila siku kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Nilielewa kila neno.

Wiki mbili zimepita na bado linaniwasha. Mlio nyumbani Tanzania mkisikia Kampala mnaona ni jirani tu, ukishagonga muhuri Mutukula basi maisha ni kama ya Bukoba. Kiswahili hicho mnachotongozea, mnachohubiria na kubembelezea watoto, huku kwa watu wengi wa makamo ni lugha ya bunduki. Enzi za Amin, askari aliyekuja kumchukua mtu usiku alikuja na Kiswahili. Kwenye vizuizi vya barabarani, Kiswahili. Jambazi akitaka kukutisha anatumia Kiswahili hata kama kazaliwa Mukono. Serikali imejitahidi: marekebisho ya Katiba ya 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe shuleni kwa lazima. Kwenye mabenchi ya vibanda hayo hayajafika. Mimi mwenyewe nimejizoesha kupokea simu kwa sauti ya chini nikiwa kwenye taksi, na siku ile nilijisahau.

Kinachoniuma ni kwamba sisi hatukuwafanyia hivyo. Mganda Emmanuel Okwi alipokuja Msimbazi kuchezea Simba, nani alihesabu makosa ya Kiswahili chake? Tulimbeba. Khalid Aucho kacheza Yanga misimu minne, na hata sisi wa Simba tulimheshimu. Steven Mukwala tulimwita wetu. Mganda akishuka Kariakoo na lafudhi yake anaitwa shemeji na kupunguziwa bei. Mchele wetu wenyewe hapa Kampala wanauita super, wanautaka kwenye harusi zao, na aliyeubeba kutoka Kahama anaambiwa watu washike simu.

Nilitaka kurudi chumbani. Nilikuwa nimechoka, na si mwili. Mwishoni mwa Oktoba, kwa vurugu za uchaguzi, kila mwenye ndugu Tanzania alikuwa na lake. Intaneti ilizimwa nyumbani kwa siku kadhaa, nami nilikuwa nalala na simu kifuani nikisubiri tiki ya pili. Mpira sikuutamani hata kidogo. Aliyenileta ni binti wa jirani yangu, ana miaka tisa, mama yake hutoka kazini saa mbili usiku na mimi ndiye ninayemwangalia. Tangu Cubs wafike Qatar mtoto huyu hakuwa na habari nyingine. Alinishika kidole akanivuta ndani, tukakaa nyuma kabisa, karibu na jenereta.

Kwa asiyefuatilia, Cubs ni timu ya taifa ya Uganda ya vijana wa chini ya miaka 17, na hili la Qatar ndilo Kombe la Dunia la kwanza Uganda kufika. Hawakufika kwa ulaini. Aprili, kwenye AFCON ya umri huo kule Morocco, walikuwa wametoka kupigwa 5-0 na wenyeji. Waliofuata tukawa sisi. Wakawafunga vijana wetu, Serengeti Boys, 3-0, na kesho yake Kisenyi nilifungua stoo nikakaa kimya mpaka jioni. Kisha wakaifunga Gambia 1-0 kwenye mchezo wa kuamua, tiketi ikapatikana. Qatar wakaanza kwa kufungwa 2-1 na Canada, wakatoka sare ya 1-1 na Chile. Ikabaki Ufaransa. Kibandani hakuna aliyezungumzia kushinda. Walikuwa wanapatana ni mangapi yangekuwa ya aibu na mangapi yangekuwa ya kawaida.

Bao sikuliona. Nilikuwa nakitazama kisogo cha yule kijana wa benchi la mbele, napanga Kiganda changu vizuri kichwani, sentensi ya kumwambia wakati wa mapumziko. Ghafla kisogo kikapotea. Watu wote walikuwa wamesimama. Benchi letu likainuka upande mmoja kama mizani, mimi na mtoto tukateleza hadi chini, karanga zake zikamwagika, vumbi likapanda mpaka picha ya ukutani ikawa na rangi ya chai. "Bogere! Bogere!" Kibanda kizima kilikuwa na neno hilo moja. James Bogere, mtoto wa shule kwa umri wake, kawafunga Wafaransa robo saa tu tangu mechi ianze. Na mimi nikiwa pale chini nikapiga kelele, "Mungu wangu, wamewafunga!" kwa sauti yote ya Kahama niliyokuwa nimeibana miaka sita.

Aliyenisikia ni mzee mmoja aliyekaa kando ya nguzo, amevaa kanzu na koti. Akaja, akamwinua mtoto kwanza, kisha mimi. "Mama, kuja kaa hapa," akasema, akatupa kiti chake cha plastiki, kiti pekee chenye mgongo mle ndani. Nikampigia goti, sisi Wasukuma hilo hatukujifunza Buganda. Akasimama muda wote uliobaki, na kila nilipotaka kumrudishia kiti alinyoosha kiganja kunizuia bila kutoa macho kwenye picha.

Wakati wa mapumziko ndipo aliponiambia Kiswahili chake ni cha bakomboozi. Ndivyo Waganda walivyowaita wanajeshi wa Tanzania walioingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979, wakombozi. Yeye alikuwa kijana mdogo. Mmoja wa askari hao alilala wiki kadhaa kwenye stoo ya baba yake na alikuwa akimfundisha kuhesabu kwa kutumia vijiti vya kiberiti. Mzee anasema mpaka leo akihesabu fedha peke yake huhesabu kwa Kiswahili. Nilishindwa kumjibu. Huyu alikipata Kiswahili mwaka ule ule wa bunduki, na kwake kikabaki vijiti vya kiberiti.

Kipindi cha pili sitakielezea, aliyewahi kulinda bao moja anakijua. Filimbi ilipolia watu walimwagika barabarani na boda wote wa siteji wakapiga honi kwa pamoja. Ikaanza baraza pale nje, na ninyi mnaopenda mpira mngeifurahia. Msoga mmoja alidai Bogere ni jina la kwao, kwa hiyo kijana ni wa Busoga na wengine wakae kando. Fundi wa pikipiki akataka apewe haraka jezi ya Cranes, timu ya taifa ya wakubwa, aende AFCON ya Desemba. Mama muuza chapati, huku akigeuza mayai ya rolex, ile chapati ya kuviringishiwa mayai, akasema mtoto amalize shule kwanza, na vijana wakamzomea, hakuwajali, akarudia. Mwingine akasema auzwe Ulaya kabla hajaumia goti. Kila mmoja alishamfanya mtoto yule kuwa mwanawe na kumpangia maisha.

Nikafungua simu nikakuta kundi letu la ukoo limechafuka. Kaka yangu ameandika kwamba huyo Bogere ana ndevu na kwao ameacha wake wawili. Vicheko chini yake, watu kumi na moja. Hapo hasira yangu ikageuka upande mwingine kabisa. Nikamjibu kwa sauti, na kila aliyekuwa pale nje alisikia: FIFA inapima mifupa ya kifundo cha mkono kwa MRI kuhakiki umri kwenye mashindano haya tangu 2009, na kaka yangu hajawahi kupimwa chochote isipokuwa presha. Nilikasirika kweli. Mtoto wa jirani kafanya kazi mbele ya dunia nzima na sisi neno la kwanza ni uzushi? Kama yule wa benchi la mbele alinionea kwa lugha yangu, kaka yangu alikuwa anamwonea mtoto asiyemjua kwa dharau ile ile.

Waliokuwa karibu walielewa nusu, wakaniuliza natokea wapi. Nikasema Tanzania, bila kushusha sauti. Rafiki wa yule kijana akauliza, si kwa ubaya ila kwa ushindi, "Ninyi mmeshamfunga nani?" Nikamwambia: Wafaransa hao hao. Oktoba 2022, India, Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17. Serengeti Girls 2, Ufaransa 1. Walikuwa wamefungwa 4-0 na Japan mechi ya kwanza, wakawafunga Wafaransa, wakatoka 1-1 na Canada, wakaenda robo fainali. Hawakuniamini. Zikatoka simu, zile zile zilizoamriwa zishikwe vizuri, wakatafuta, wakasomeana. Mzee akapiga makofi mara mbili, polepole.

Binti yangu wa jirani ndiye aliyeuliza swali ambalo wanaume wale hawakuuliza. "Wako wapi sasa hao wasichana?"

Nilimtajia Clara Luvanga, aliyepitia Serengeti Girls na sasa anacheza Al Nassr ya Saudi Arabia. Akasubiri la pili. Sikuwa nalo. Mimi ninayejisifia kufuatilia mpira, ninayeweza kukutajia kikosi cha Simba cha miaka kumi iliyopita, niliwashangilia mabinti wale wiki mbili, kisha nikawaacha waende zao. Nauogopea mkumbo huo huo kwa Bogere. Namuombea kwa dhati. Namuombea wakala mwenye hofu ya Mungu, mzazi anayesoma mkataba kabla ya kutia sahihi, kocha asiyemchezesha na goti bovu. Na mwenye kibanda atakayefungua mlango siku anacheza vibaya, kwa sababu siku hiyo itakuja, kila mchezaji inamfikia.

Kwa mnaoniandikia kila wiki mkiuliza mje au msije. Njooni, biashara ipo. Chumba kimoja mimi nalipa 250,000 za Uganda, mwenye nyumba alichukua miezi mitatu ya mbele. Mliopanga Sinza, Dar, mkadaiwa miezi mingi zaidi, mnajua kwa nini nimelitaja hilo. Matoke utayazoea. Lakini jifunze Kiganda kabla ya kujifunza njia. Asubuhi usipite mtu bila kumwuliza kalala vipi, mkubwa mwambie ssebo au nnyabo, na mteja akikupa fedha sema webale. Ukifika ukaanza kuamrisha kwa Kiswahili cha Dar, watu watakufungia mlango na hutajua kwa nini. Na wanawake wenzangu, mkikaa sehemu ya kwanza mkaona mnadharauliwa, hameni mtaa kabla ya kuhama nchi. Mimi nilihama kutoka Katwe na nikapata jirani aliyeniachia mwanawe siku ya nne.

Yule kijana hajaniomba radhi. Siku ya Senegal nilimkuta kwenye benchi lake lile lile la mbele. Alinitazama, akasogea akaacha nafasi ya watu wawili, akarudisha macho ukutani. Nikakaa na mtoto wangu, asante sikutoa. Bogere akafunga tena, 1-0, na safari hii niliona kwa macho yangu, na kijana yule alinikumbatia mabega kisha akaondoa mkono haraka. Tumebaki hivyo. Sijamsamehe, ila nafasi ya benchi nimeipokea.

Safari ikaishia kwa Burkina Faso, 1-1, penalti. Kibanda kilikuwa kimejaa mpaka watu wamesimama dirishani. Mzee alikuwa nyuma yetu, na kila mpigaji aliposogea kwenye mpira nilimsikia akihesabu chini kwa chini: moja, mbili, tatu. Mtoto akageuka kumtazama mdomo, akaanza kumfuata. Walihesabu hivyo wote wawili hadi ikaisha, Uganda imetolewa, na watu wakatoka kimya bila kudai chenji.

Njiani mtoto hakusema kitu hadi tulipofika kwenye geti. Kisha akaniuliza baada ya kumi inakuja nini.

"Kumi na moja," nikamwambia.

"Kumi na moja," akarudia, akaingia kwao.