Siku yangu mapokezi ya dharura: "Sista, kazimia!"

Saa kumi na moja alfajiri niko kituoni nagombania daladala, saa moja kasoro nishapokea ripoti kwa wa usiku, glukometa ya kupimia sukari inawaka na oksijeni ipo. Mimi ni nesi wa triaji hapa Dar, yaani napanga nani atangulie kutibiwa, yule wa meza ya mlangoni ambae watu wanajua kazi yake ni kuuliza maswali na kuchelewesha wagonjwa.

Saa mbili mpaka saa tano ni homa, presha, ajali za bodaboda. Binti wa shule kazirai mstarini hajanywa hata chai, kufika kwetu keshazinduka, anaitika vizuri. Bibi mmoja wa Unguja akasema jana kaghumiwa chooni, vijana wa fildi wakabaki wananitazama, nikawaambia ndo kuzirai huko huko, mpimeni presha amelala halafu amesimama.

Saa sita hivi bajaji ikaingia inapiga honi, baba wa makamo kalegea mapajani kwa mkewe na shemeji mtu anapiga kelele sista kazimia, sista kazimia! Nikauliza kazimiaje? Kazimia tu! Alianguka ghafla au alianza kuongea ovyo? Alikakamaa? Alijikojolea? Shemeji akawaka, mtu anakufa we unauliza kama kakojoa, nyie manesi mna roho gani, na foleni nzima ikamuunga mkono. Mikono yangu muda wote huo inafanya kazi, wala sikuwa nimekaa. Shati la mgonjwa limelowa jasho la baridi, macho hafumbui mpaka umfinye, anaguna tu, nikimfinya anausukuma mkono wangu, kwa kipimo cha fahamu cha Glasgow, kinachoanzia 3 hajitambui kabisa mpaka 15 yuko macho vizuri, huyo ana 9.

Naomba watu waelewe. Hilo neno kazimia naletewa nalo aliyezirai kwa njaa, aliyeanguka kifafa, mwenye stroku, aliyekunywa sumu, aliyepandisha mashetani, na wapo wanaolitumia wakati mtu wao keshakata roho njiani na hawawezi kulitamka lile lingine. Matibabu yake hayafanani hata kidogo! Sasa nisipouliza nitajuaje?

Nikamtoboa kidole, sukari 1.9, imeshuka vibaya. Hapo ndo jirani yao aliyekuja nao akasema polepole, huyu asubuhi kajichoma insulini, ile sindano ya kushusha sukari, akakimbilia saiti bila kula. Mke akasema walimnusisha kitunguu na kumnywesha chai ya sukari kwa kijiko, nikamwambia mama, asiyejitambua usimtie kitu mdomoni, kinaingia mapafuni, mlaze ubavu umlete. Daktari kafika, dekstrosi, yaani maji ya sukari, ikaingia mshipani, dakika chache baba kafumbua macho anauliza nani kamvua viatu. Mkewe akakaa chini palepale sakafuni analia. Kazi hii ina mshahara mdogo lakini wakati kama ule siibadilishi na ya mtu yeyote.

Baada ya hapo saa sikuziangalia tena. Chakula nilikila nimesimama, au sikukimaliza, na miguu ilishavimba. Kaja mtoto wa degedege, fizi zinatoka damu kwa kijiko walichomkaba nacho, na bibi yake kashikilia mjukuu asichomwe sindano kwamba atakufa, yaani tunambembeleza bibi huku mtoto anakakamaa tena mbele yetu. Dawa ikapitia njia ya haja kubwa, degedege likakata, kipimo cha malaria kikasoma pozitivu. Mpaka bibi anakubali drip iwekwe nilikuwa sina sauti.

Jioni nakabidhi zamu, shemeji wa yule baba akaja na chupa ya uji wa mgonjwa. Dada, samahani kwa ya mchana, siku nyingine ikitokea nisemeje? Nikamwambia sema ulichokiona, kaanguka ghafla au taratibu, kalegea au kakakamaa, kwa muda gani, dawa gani anatumia na mara ya mwisho kala saa ngapi. Akatoa simu akaandika yote, akaniuliza insulini inaandikwaje.