Paredi Imeanza

Jumamosi iliyopita Jaja, yaani mama yangu, alimchapa mjukuu wake kofi la mgongoni kwa sababu ya sinema. Kofi dogo, lakini kofi. Binti yangu alikuwa amemwita mdogo wake "Shenzi", na mama akaruka kwenye kiti kama aliyekalia kaa la moto. Mtoto analia, "Lakini ni jina la fisi!" Na kweli ni jina la fisi, yule jike anayeongoza genge la watatu katika The Lion King. Labda huko Marekani mwaka 1994 lilisikika jina tamu. Huku kwetu ukimwita mtu mshenzi, kwa Kiswahili au kwa Luganda, jiandae kukimbia.

Nikajaribu kuwapatanisha. Nikamweleza mtoto kwamba Simba ni simba tu, Rafiki ni rafiki, Pumbaa ni kupumbaa, Sarabi ni yale mazigazi unayoyaona barabarani jua likiwaka. Nikaongeza kwamba katika ile filamu ya Mufasa ya 2024, Scar, yule mbaya wa hadithi, alipokuwa mdogo aliitwa Taka. Mama akauliza, "Mzazi gani anamwita mwanawe Taka?" Tukacheka, yakaisha. Ila mimi sikuwa sebuleni tena. Nilikuwa kantini.

Kantini ya kambi ya polisi, Naguru, Kampala, mwaka 1996 au karibu na hapo. Tuliishi kwenye yunipoti, kile kibanda cha familia ya askari: mabati ya mviringo, mchana tanuri, usiku barafu, na jirani akikohoa unamjibu pole. Siku hiyo kiingilio kilikuwa shilingi 100, runinga ya inchi 14 imepandishwa juu ya kreti za soda. Kwenye vibanda vya video mjini walitafsiri sinema kwa Luganda. Kwetu kambini walikuwepo Wateso, Waacholi, Walugbara, Wagisu, kila mtu na lugha ya kwao, kwa hiyo tafsiri ilikuwa Kiswahili. Kile Kiswahili chetu, kisichojali ngeli, ambacho raia wa nje ya geti walikiogopa kwa sababu walizoea kukisikia kikisema "lala chini". (Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, nilimpigia mama simu kumpa habari. Akasema, "Kwani sisi tulikuwa tunazungumza nini?")

Mtafsiri alikuwa Koplo. Alisimama kando ya runinga na fimbo yake chini ya kwapa.

Sinema inaanza na wimbo wa Kizulu, na humo ndani kuna neno "baba". Kantini nzima ikalipuka: Kiswahili! Wanasema Kiswahili! Koplo akainua fimbo. "Wanaimba kwao. Tusiwaingilie."

Baada ya hapo mambo yote yakawa ya kipolisi. Mufasa, mfalme na baba yake Simba, alikuwa OC, mkuu wa kituo. Scar alikuwa naibu aliyerukwa cheo mara mbili na sasa anataka stesheni. Zazu, yule ndege hondohondo, alikuwa signala, kazi yake kuripoti kutwa nzima hata asichoulizwa, na mpaka leo ndiye ninayempenda kuliko wote. Fisi walikuwa askari waliofukuzwa kazi bila kulipwa malimbikizo, na nakumbuka watu wazima walivyowahurumia. Nyumbu walipomiminika korongoni, Koplo alipiga kelele, "Raia wamegoma! Raia wamegoma!" Tukapiga meza.

Kisha Mufasa akaanguka. Vumbi likatulia, yule mtoto akaja, akamsogelea baba yake, akamsukuma na kichwa. Mdomo wake ukacheza. Koplo akatafsiri:

"Mzee, amka. Paredi imeanza."

Mtu mmoja alicheka. Mmoja tu, na kicheko kikamfia mdomoni.

Sijui kama asiyekulia kambini anaweza kulielewa hili. Hayo maneno yalikuwa yetu. Kila alfajiri yalipita kwenye mabati, kutoka yunipoti hii hadi ile, kwa sauti za watoto. Mama zetu walikuwa wameshatoka na mandazi. Baba zetu walikuwa wamerudi usiku wa manane, wengine kutoka lindo, wengine kutoka kwenye pombe ya waragi, na aliyekosa paredi alikatwa mshahara ambao tayari ulikuwa haufiki. Kwa hiyo walituachia sisi hiyo kazi. Mimi nilikuwa na miaka tisa na nilijua vizuri namna ya kumsukuma mtu mzima begani, kwanza polepole, halafu kwa nguvu, halafu kwa ile hofu ya sekunde moja kwamba safari hii hataamka.

Koplo akanyamaza. Kwenye runinga Simba bado anasukuma, anajaribu sikio, anajiingiza chini ya mkono wa baba yake. Kantini kimya, unasikia deki inavyozungusha kaseti. Baba yangu alikuwa mabenchi mawili mbele yangu. Niliiona shingo yake tu, na bereti ameivua, ameishika mapajani kwa mikono miwili. Akasema bila kugeuka, "Endelea, Koplo."

Koplo hakuendelea. Sinema ikajiendea yenyewe kwa Kiingereza mpaka walipotokea Timon na Pumbaa na wimbo wao wa hakuna matata, ambao haukuhitaji mtafsiri.

Asubuhi iliyofuata nilipokwenda kumwamsha, baba alikuwa ameketi kitandani, anapiga buti rangi. Akafanya hivyo kama wiki nzima. Kisha mambo yakarudi yalivyokuwa.

Haya yote nilimsimulia mama Jumamosi hiyo, nikisifu tafsiri ya Koplo. Akaacha kumenya matoke, akanitazama. "Tafsiri gani? Yule Kiingereza chake kilikuwa 'yes sir' na 'no sir'. Alikuwa anatazama picha tu kama nyinyi."

Basi tukaiweka filamu ile ya zamani, nikaisogeza hadi korongoni. Nilitaka kusikia. Simba anamwambia baba yake aamke, warudi nyumbani. Paredi haimo, bila shaka. Lakini kuamka kumo. Nimekuwa nikilifikiria hilo tangu siku hiyo, Koplo alilitoa wapi, na nani alikuwa anamwamsha yeye, maana hakuwa na mtoto.

Mdogo, yule aliyeitwa Shenzi, ana miaka mitatu na Kiingereza bado hakijamfika. Akavuta gauni la mama. "Jaja, anasema nini?"

Mama hakuinua macho kwenye matoke yake. "Anamwambia paredi imeanza."

"Paredi ni nini?"

Mama akanigeukia mimi. Nikainuka kwenda kutafuta chaja.