Mistari ya kupunguza mwendo kwenye mteremko wa Lumumba

Barabara ya Lumumba, Kigoma, inashuka kutoka Mwanga hadi stesheni. Kwenye mteremko namna hii gari huongeza kasi lenyewe, na dereva hahisi. Mistari ya rangi inayozidi kukaribiana humfanya aone anakimbia zaidi, akanyage breki. Chicago waliichora mwaka 2006 kwenye kona ya Lake Shore Drive.

Hesabu yake ni hii: dereva apite mistari minne kila sekunde. Kwa kilomita 50 kwa saa, nafasi ni mita 3.5, kwa kilomita 30, mita 2.1. Anza mita 80 kabla ya kivuko cha pundamilia, ukipunguza nafasi kidogo kidogo. Utahitaji mistari 29 hivi, upande wa kushuka tu.

Mstari usivuke njia nzima. Chora vipande vya upana wa sentimita 30, virefu sentimita 45, kutoka kila ukingo. Rangi iliyolowa huteleza, na bodaboda mwenye abiria akifunga breki juu yake anaanguka. Katikati pabaki lami tupu.

Rangi ya kuyeyushwa ndiyo inayodumu, lakini lami iwe kavu na imefagiwa hadi vumbi jekundu liishe. Vinginevyo hubanduka kama ganda. Mwagia shanga za kioo ingali moto, la sivyo usiku haing'ai.

Madereva wa kila siku huizoea. Kwa hiyo penye shule, naomba sana, wekeni na tuta.